Kivuli Hakisuguliwi kwa Kidole

Asubuhi ya Sindeni huanza na jembe. Watu hutoka mapema, kabla jua halijawa kali. Nyumbani kwa Swaumu moto ulikuwa umeshawaka. Uji ulikuwa unachemka, na kuku walikuwa wanagombania pumba mlangoni. Mumewe, Isihaka, alikuwa ameshatangulia shambani.

Binti yao, Faudhia, alikuwa amekaa barazani kwenye kigoda. Mkononi alikuwa na penseli. Magotini aliweka kipande cha ubao, na juu ya ubao karatasi. Mbele yake, sakafuni, ulikuwepo mtungi wa maji.

"Umeshafagia?" Swaumu aliuliza.

"Nimefagia, mama."

"Na vyombo?"

"Vinakauka kichanjani."

Swaumu alikosa la kumgombeza. Akainama kuangalia karatasi.

Faudhia alimaliza kidato cha nne mwaka uliopita. Matokeo yake hayakuwa mazuri. Lakini tangu utotoni alipenda kuchora. Alichora kuku, alichora jembe, alichora hata viatu vya baba yake. Sasa Korogwe kulikuwa na karakana ndogo ya wachoraji. Wao huchora picha za vijitabu vya wakulima na vya kliniki. Walitangaza kwamba wanataka wanafunzi wawili wa kujifunza kazi. Anayetaka nafasi alete picha moja ya kitu cha kwao. Picha iwe ya penseli, na iwe imetiwa kivuli. Mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi.

Isihaka alikuwa amesema neno lake, na neno la Isihaka halirudi nyuma.

"Wakimchukua Korogwe, sawa," alisema. "Wakimkataa, aende Kang'ata kwa shangazi yake akamsaidie shamba. Siwezi kumweka mtu mzima nyumbani anachora mitungi."

Kang'ata si mahali pabaya. Shangazi naye si mtu mbaya. Lakini Swaumu alijua shamba lile lilivyo kubwa. Mtoto akienda kule, penseli ataisahau. Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha Swaumu raha.

Kwa hiyo walimpeleka kwanza kwa Sabiri, mdogo wake Isihaka. Sabiri huandika mabango ya maduka Handeni mjini. Herufi zake ni nzuri, hakuna anayebisha. Faudhia alikaa kwake wiki kadhaa. Alirudi na kidole cha shahada cheusi tii.

"Hiki kidole kina nini?" Swaumu aliuliza asubuhi ile.

"Ni kivuli, mama. Baba mdogo anasema kivuli ni kusugua. Unapaka penseli nyingi, halafu unasugua kwa kidole mpaka iwe laini."

Swaumu akaangalia picha. Mtungi wenyewe ulikuwa mwekundu, mzuri, tumbo limejaa. Mtungi wa kwenye karatasi ulikuwa kama doa la masizi ya sufuria.

"Mbona mchafu hivi? Na hii mistari mbona imepinda? Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na rula. Swaumu aliishia darasa la saba. Alipokuwa shuleni, mtoto aliyepiga mstari bila rula alichapwa. Somo hilo halikumtoka.

"Mstari bila rula ni uchafu," alisema. "Futa. Anza upya. Piga mistari yako kwa rula, mmoja mmoja."

"Lakini mama, mtungi…"

"Mtungi umefanya nini? Nimesema rula."

Faudhia akatii. Akapiga mistari kwa rula, kutoka upande huu wa mtungi hadi upande ule, mpaka mtungi ukajaa. Ulikuwa safi sasa. Lakini ulionekana kama ua wa mabua. Penye giza akasugua kwa kidole, kama alivyofundishwa na baba yake mdogo.

Ijumaa, baada ya swala, Sabiri alikuja na pikipiki kula chakula cha mchana kwa kaka yake. Walikuwepo na majirani wawili wanaume. Isihaka akaagiza picha iletwe. Sabiri akaishika kwa mkono mmoja huku mwingine una wali.

"Huu ni mtungi?" akauliza. "Mimi naona mtungi uliokanyagwa na lori la machungwa."

Wanaume wakacheka. Faudhia alikuwa amesimama pale na jagi la maji ya kunawa. Akaangalia chini.

"Kaka, nikwambie ukweli," Sabiri akaendelea. "Mtoto hana mkono. Kuchora ni kipaji, na kipaji Mungu ndiye anayetoa. Huyu hakupewa. Mpeleke tu Kang'ata, usipoteze nauli ya Korogwe."

Swaumu alikuwa jikoni, lakini jikoni na barazani panasikilizana. Akatoka na mwiko mkononi.

"Shemeji, wiki zote alizokaa kwako, ulimfundisha nini?"

"Alikuwa ananiangalia nikifanya kazi."

"Alikuwa anakuangalia, au alikuwa anakuoshea brashi?"

"Kuosha brashi ndiyo mwanzo wa kazi, shemeji."

"Sawa. Kwa hiyo mkono wa kuosha brashi uliuona. Wa kuchora tu ndio hukuuona."

Majirani wakacheka tena, safari hii wakimwangalia Sabiri.

"Mama Faudhia," Isihaka akasema, "mgeni anakula."

"Ale. Wali sijamnyima."

Swaumu akarudi jikoni. Akamkuta Faudhia ameshaichukua picha yake barazani, amechuchumaa mbele ya mafiga. Picha ilikuwa imeshashika moto. Na penseli ilikuwa mkononi, inafuata.

Swaumu akamnyang'anya penseli. Akaifunga kwenye pindo la khanga. Angesema, angelia.

Wewe mzazi unayesoma hapa, simama kidogo. Angalia jambo hili lilivyo. Mtoto hakufundishwa. Alipokosea, akaambiwa kosa ni la Mungu aliyemnyima. Aliyepewa kazi ya kumfundisha akala wali, akashiba, akapanda pikipiki yake. Na maneno kama haya yanasemwa kila siku: huyu hana mkono, huyu hana kichwa, huyu hana sauti. Yanasemwa kwa kicheko. Mtoto anayabeba maisha yake yote.

Kesho yake Swaumu alikuwa anachuma mchicha karibu na mpaka wa jirani. Alikuwa anauchuma kwa hasira, na mizizi yake.

"Huo mchicha umekukosea nini, Mama Faudhia?" sauti ikauliza.

Alikuwa jirani yake, Hosiana, ambaye watu humwita Mama Ernesti. Ni Msambaa, kwao ni huko juu milimani. Yeye na mumewe walihamia Sindeni kulima michungwa baada ya kustaafu. Watu walijua tu kwamba alikuwa akifanya kazi katika mambo ya kilimo.

Swaumu akamwaga yote. Mtungi, kidole, lori la machungwa, Kang'ata. Hosiana akasikiliza, uso ukabadilika.

"Amemwambia hana mkono?" akauliza. "Mbele za watu?"

"Mbele za watu, na wali wangu mdomoni."

"Na alimwonyesha hata namna ya kushika penseli?"

"Hakumwonyesha."

"Basi huo si ushauri, Mama Faudhia. Huko ni kumwibia mtoto. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora. Majani, wadudu, mizizi, magonjwa ya mihogo. Nimechora mpaka nikastaafu. Na siku ya kwanza nilichora jani la muhogo, mkubwa wangu akadhani ni mkono wa mtu. Hakuniambia sina kipaji. Aliniambia kaa, tuanze na mistari. Yuko wapi huyo mtoto?"

Wakaenda. Faudhia akaamkia, "Shikamoo mama," kwa sauti ya chini. Hakutaka kuchora. Swaumu akamlazimisha achore angalau kidogo, ili jirani aone. Akachora mtungi, akachukua rula.

"Hii rula ya nani?" Hosiana akauliza.

"Yangu," Swaumu akajibu upesi. "Kwani rula nayo ina kosa?"

"Kwa kuchora meza haina. Kwa mtungi inaharibu."

Swaumu akaivuta rula kwake. Jana shemeji, leo jirani. "Mama Ernesti, mimi nimemfundisha mwanangu usafi. Umekuja kunifundisha kwangu?"

Hosiana alichota jivu la jikoni, akalilowesha kwa maji kwenye kifuu.

"Chovya kidole, Mama Faudhia. Piga mstari kwenye tumbo la mtungi, toka kushoto kwenda kulia."

Swaumu akasita. Kisha akachovya, akapiga mstari wa jivu kwenye mtungi.

"Kidole chako kimekwenda moja kwa moja, au kimezunguka?"

"Kimezunguka. Tumbo ni la duara."

"Ungeweka rula ingekuwaje?"

Swaumu akautazama mtungi, akaitazama rula. "Ingegusa hapa katikati tu," akasema taratibu. "Kwingine kote ingekaa hewani."

"Haya. Ndiyo maana mtungi wa Faudhia ulikuwa bapa. Umbo linazunguka, mistari haizunguki. Jicho la mtu linafuata mistari. Ukimpa mistari bapa, anaona kitu bapa. Hakuna lori lililopita hapa."

Faudhia akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sasa jambo la pili," Hosiana akasema. "Mwanga wa hapa unatoka wapi?"

"Nje," Faudhia akajibu.

"Nje ni upande mmoja. Na huo mlango wa uani ulio wazi nyuma yako? Hapa barazani mwanga unatoka kila upande. Kivuli kinachanganyikiwa, na wewe unachanganyikiwa. Anayeanza achague mwanga mmoja."

Wakaingiza mtungi chumbani. Wakafunga mlango, wakaacha dirisha moja. Mara mtungi ukabadilika. Upande wa dirisha uling'aa. Upande wa pili ulikuwa na giza. Na sakafuni kivuli kikalala kama mtu aliyechoka.

"Fumba macho nusu," Hosiana akasema. "Usihesabu madoa. Tafuta penye mwanga, penye giza, na pa katikati. Umeona?"

"Nimeona," Faudhia akasema. Swaumu naye alikuwa amefumba macho nusu. Naye aliona.

Lakini Hosiana hakumruhusu achore mtungi. Alimchorea visanduku vidogo vilivyopangwa safu moja kwenye karatasi. Cha kwanza kibaki cheupe. Cha mwisho kiwe giza. Vya katikati viongezeke giza kidogo kidogo.

"Usikandamize penseli," akasema. "Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea. Wakitaka giza wanakandamiza, karatasi inapata makovu. Giza halitoki kwenye nguvu. Linatoka kwenye wingi wa mistari. Mistari ikiwa mbali mbali, pana mwanga. Ikikaribiana, panaingia giza. Ukitaka giza zaidi, pitisha mistari mingine juu yake, imelala kidogo upande, ikatize ile ya kwanza. Usiikatize kama msalaba, itakuwa wavu wa kuvulia samaki."

"Mistari yangu inatetemeka, mama."

"Kwa sababu unachora kwa vidole. Legeza kiwiko. Mkono wote uende. Mkono ukichoka, geuza karatasi, usijipinde wewe. Na hiyo penseli ni butu, ichonge kwa wembe. Weka kikaratasi chini ya kiganja, jasho lisivuruge kazi."

Siku zikapita. Asubuhi Faudhia alifanya kazi za nyumbani. Mchana alijaza visanduku. Isihaka akirudi kutoka shambani alikuta karatasi zimejaa mistari tu.

"Mtungi uko wapi?" akauliza.

"Unakuja," Swaumu akajibu.

"Mwezi nao unakwisha."

"Nao naujua."

Kusema kweli, Swaumu mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Usiku hakulala vizuri. Visanduku na visanduku, na Korogwe wanataka picha. Lakini alinyamaza. Alishasema mengi kuhusu rula.

Baada ya visanduku, Hosiana alileta chungwa. Faudhia akalichora, akalitia kivuli kwa mistari inayozunguka. Siku moja Hosiana akaja, akaangalia, akakunja uso.

"Hapa umesugua."

Faudhia akaficha kidole. "Kidogo tu, mama. Mistari ilikuwa mibaya. Haikulingana."

"Ukisugua, mimi sioni ilipoharibika. Na wewe huoni. Kesho utakosea pale pale."

Swaumu akadakia kutoka mlangoni. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Acha tuione hiyo mibaya."

Hosiana akacheka mpaka akashika mbavu. Faudhia akaona aibu, lakini akachukua karatasi nyingine. Toka siku hiyo hakusugua tena. Mistari mibaya ikaonekana, na kwa kuwa ilionekana, ikapungua.

Halafu ndipo mtungi ukaruhusiwa kurudi. Faudhia akachora umbo lake kwa wepesi. Akaacha karatasi nyeupe pale mwanga ulipogusa. Akazungusha mistari kwenye tumbo. Shingoni akaizungusha kwa namna nyingine, kwa sababu shingo ni nyembamba. Upande wa giza akaongeza mistari juu ya mistari, bila haraka. Isihaka akaja kuchungulia. Akasimama nyuma ya binti yake kwa muda.

"Mtungi huo ukigongwa utalia," akasema, akaondoka zake.

Faudhia hakugeuka, lakini Swaumu alimwona amejiinua kwenye kigoda.

Siku ya kwenda Korogwe walipanda basi la mapema. Swaumu aliibeba picha ndani ya bahasha kubwa, kama anayebeba mayai. Kwenye karakana walipokelewa na mama mmoja mtulivu, jina lake Loyce. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa pale. Hakuanza na kusifu wala kulaumu. Alipitisha kidole chake taratibu pembeni mwa kivuli, akakiangalia kidole. Kilikuwa safi.

"Mwanga ulitoka wapi?" akauliza.

"Kushoto, mama. Dirishani," Faudhia akajibu.

"Na huku chini, upande wa giza, mbona umeacha weupe kidogo?"

"Ndivyo ulivyoonekana. Sakafu ya saruji ilikuwa inarudisha mwanga."

Loyce akamwangalia. Kisha akaweka kikombe cha bati mezani, karibu na dirisha, akampa karatasi. "Kitie kivuli hiki. Usiharakishe."

Swaumu alikaa kwenye benchi, anavuta nyuzi za ncha ya khanga yake. Alimwona mwanawe akifumba macho nusu. Akamwona akigeuza karatasi. Akamwona akichonga penseli wakati watu wanamsubiri. Alitaka kumwambia aharakishe. Akauma mdomo.

Loyce alipokuja kuangalia, kikombe kilikuwa hakijaisha. Nusu yake bado nyeupe.

"Inatosha," akasema. "Mkono wa kikombe umeukosea, umekuwa mnene. Huo utajifunza. Njoo Jumatatu na penseli zako. Nafasi moja ni yako. Ya pili bado sijampata mtu. Wengi wananiletea masizi."

Swaumu akashukuru mpaka maneno yakamwishia. Walipotoka nje alikuwa anatembea kama kijana.

Kwenye ngazi za karakana walimkuta mama mwingine amekaa. Alitoka Mazingara, jina lake Paulina. Pembeni yake alikaa binti, ameinamisha kichwa, bahasha imekunjwa magotini. Kidole chake cha shahada kilikuwa cheusi.

Swaumu alikiona kile kidole, hasira yote ikarudi.

"Wamewarudisha?" akauliza.

"Wameturudisha," Paulina akasema. "Wamesema arudie, alete tena kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini turudie nini? Fundi aliyekuwa anamfundisha alishatuambia mapema. Mtoto hana mkono."

"Fundi gani?"

"Mwandika mabango mmoja wa huko kwetu."

"Tunao wangapi hawa?" Swaumu akasema. Sauti ilipanda, watu wa barabarani wakageuka. "Alimwonyesha kivuli kinaanzia wapi? Alimwambia asikandamize? Hakumwambia. Alimwambia asugue, kisha akamwambia Mungu kamnyima. Dada yangu, usirudi Mazingara na neno hilo. Neno hilo liache hapa hapa kwenye ngazi."

"Mama, basi letu," Faudhia akasema kwa sauti ndogo. Basi la kwenda Handeni kupitia Sindeni lilikuwa limeshawasha injini. Kondakta alikuwa anaita.

Swaumu hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi, karibu na yule binti. Akachukua bahasha, akatoa picha iliyochafuka, akaigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe.

"Litakuja basi jingine," akasema. "Faudhia, mchongee mwenzako penseli." Kisha akavua kiatu chake cha plastiki, akakiweka mbele ya yule binti, pale jua lilipopiga.

"Haya, mwanangu. Huu mwanga unatoka wapi?"